Mguu wa Kanga Kwenye Mninga

Tekla alikwenda msituni kuokota kuni akarudi na kamba yake mkononi, hana hata kijiti. Mumewe, Wenceslaus, alikuwa anaziba tundu la zizi kwa matawi ya miiba. Alimtazama mkewe, akatazama jua, akaona bado ni asubuhi.

"Kuni ziko wapi, Mama Advera?"

"Miti imepakwa rangi."

"Rangi gani?"

"Nyekundu. Kuanzia kichuguu kikubwa mpaka kule mbugani. Nimehesabu mpaka thelathini, nikaogopa kuendelea."

Wenceslaus hakuuliza ni nani aliyepaka. Kwenye kitongoji chao cha Itundwe, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka stesheni ya Goweko, mkulima akipata hela ya rangi anapaka mlango wake, hapaki mti. Rangi ya kwenye mti ni ya serikali, na serikali haiji mpaka huku kumsalimia mtu.

Msitu ule ulikuwa ngitili, yaani eneo ambalo familia hulifunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Ekari arobaini za mininga na mitundu. Itundwe nzima iliwahi kuwa na ngitili kama ile, ila tumbaku ilipopanda bei wenyewe walizikata moja baada ya nyingine, wakazichoma kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia majani ya tumbaku. Baba yake Wenceslaus hakukata. Aliitwa mvivu mpaka akaingia kaburini. Sasa waliokata walikuwa na mashamba yao ya mchanga ambayo hayamtamanishi tembo wala bwana misitu, na aliyetunza ndiye aliyetafutwa. Dunia ina mambo, lakini hili lilimuuma Wenceslaus kupita kiasi, maana msitu huo ndio uliokuwa uhai wao. Ng'ombe wao wanane waliula kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza. Asali yake ndiyo iliyokuwa inamsomesha binti yao Advera chuo cha uuguzi, Tabora mjini.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mtendaji wa kijiji, Jenifa, alisimama nje ya kigango akasoma barua. Umeandaliwa mpango wa ushoroba, njia ya tembo na wanyama wengine kupita kutoka pori la akiba la kusini kwenda la kaskazini. Mwenye msitu wake binafsi atausajili, apewe hati, aendelee kuutumia kwa utaratibu. Msitu usiosajiliwa, au wenye watumiaji wengi, utaingia kwenye ushoroba.

"Ukiingia kwenye ushoroba inakuwaje?" Wenceslaus aliuliza.

Jenifa aliigeuza barua, kana kwamba jibu lilikuwa nyuma yake. "Hauingiliki tena, mzee wangu. Unakuwa wa wanyama."

*

Bwana misitu aliitwa Adinani, kijana wa Gongoni mjini, mpole, mwenye viatu vilivyokuwa havijakanyaga mavi ya ng'ombe mpaka siku ile. Alitoa shikamoo kwa heshima zote. Wenceslaus alikuwa amevaa suruali yake ya kanisani. Tekla alikaanga kuku, maana mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni alisema amefunga safari na chakula chake, akala biskuti ndani ya gari.

Kisha wakaingia msituni. Adinani alikuwa na mafaili, kifaa cha kupimia na mkebe wa rangi, mikono ikawa haitoshi.

"Naomba nishikie huu mkebe, mzee wangu."

Basi Wenceslaus akautembeza ule mkebe wa rangi nyekundu ndani ya msitu wa baba yake, umbali wa hatua mbili nyuma ya kijana wa kumzaa mwenyewe, na kila Adinani aliposimama naye alisimama. Tekla aliwafuata kwa mbali. Aliona suruali ya kanisani inachafuka rangi gotini, akatazama pembeni.

Kwenye mninga mkubwa Adinani akapapasa gome. "Mzee, hii ni nini?"

"Alama yangu. Mikato mitatu iliyosimama. Ya baba, na ya baba yake. Mti wenye alama hiyo unatundikwa mizinga yetu ya nyuki."

"Na hii hapa?"

"Huo mguu wa kanga. Unaona vidole vitatu? Ya Mhoja."

"Mhoja ni mwanao?"

"Jirani."

"Jirani ana mti kwenye msitu wako?"

Wenceslaus alicheka kidogo, akidhani ni suala jepesi kulieleza. "Ana mzinga. Mti wangu, mzinga wake, nyuki wa Mungu. Huku kwetu mtu hanyimwi mti wa nyuki. Yupo na Limbu, alama yake ile ya panda. Na marehemu mume wa Eustadia, ile ya duara, wanae wanaendeleza. Ndio hao hao tunaofyeka nao njia ya moto kila mwaka."

Adinani hakucheka. Alifungua faili akaandika, akafunga. "Fomu haina nafasi ya Mungu, mzee. Inauliza watumiaji ni kaya ngapi. Mimi nimeona kaya nne. Kwa fomu hii, msitu wa kaya nne ni wa pamoja."

"Lakini mwenyewe ni mimi! Uliza mtu yeyote."

"Sijaandika la mwisho. Narudi baada ya wiki mbili." Alishusha sauti, na kwa kweli alitaka kusaidia. "Walete wasaini kwamba hawana haki humu na alama zao zinaondolewa. Nitaandika nitakachokikuta siku hiyo."

"Na njia ya moto je? Huu ndio mwezi wa kuifyeka."

"Usiguse hata jani mpaka hati itoke. Ukifyeka sasa itaonekana unaharibu makazi ya wanyama, na mimi nimekuruhusu."

Alichukua mkebe wake, akashukuru, akaondoka. Tekla alisogea akaitazama njia ya moto, ile barabara ya wazi inayouzunguka msitu. Majani yalikuwa yameshafika magotini, na yalikuwa yameanza kukauka.

*

Limbu alisaini bila kusoma. Eustadia alisema atasaini Mhoja akisaini. Mhoja alikuwa nyumbani kwake anachonga mzinga, na mkewe Mwanne alimletea Wenceslaus kigoda.

"Mwangaluka, Baba Advera," Mhoja alisema. "Najua ulichokuja nacho. Isome."

Wenceslaus aliisoma. Walikuwa wamekua pamoja hawa wawili, wamechunga pamoja, na kaburi la baba yake Wenceslaus ni Mhoja aliyeanza kulichimba.

"Kwamba sina haki msituni kwako, sawa," Mhoja alisema. "Sina. Nitasema hata mbele ya padri. Lakini hapo mwisho umesoma alama itaondolewa."

"Ni karatasi tu, ndugu yangu."

"Alama inaondolewa lini?"

Wenceslaus aliinamia karatasi. Alijua, na kila mtu Itundwe anajua. Alama ya mzinga inafutwa siku moja tu, mwenyewe akishafariki bila wa kumrithi. Wazee wanakwenda na panga, wanaibandua na gome lake, na tangu hapo hata mtoto akipita anajua kwamba wa mti ule amekwisha.

"Mimi nina wana watano," Mhoja alisema. "Wadanganye kwa karatasi, nitasaini. Usidanganye kwa mti."

"Yule kijana anataka kuona miti. Msitu ukichukuliwa, hata mizinga yako inachukuliwa. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Msitu ukichukuliwa tutalia wote, nitakuja kulia kwako. Lakini usinizike, Wenceslaus."

Hakumwita Baba Advera safari ile. Wenceslaus aliikunja karatasi yake akarudi nyumbani, na njiani alikasirika, maana aliona Mhoja anachezea maisha ya watu kwa ajili ya mikwaruzo mitatu ya panga.

*

Alingoja siku ya mnada, Mhoja alipokwenda kuuza mbuzi, akanoa panga.

"Unakwenda wapi na hilo?" Tekla aliuliza, ingawa alishajua.

"Adinani anakuja kesho."

"Baba Advera, unamzika mtu aliye hai. Mimi naogopa."

"Unaogopa nini? Mchawi?"

"Naogopa kukutana na Mwanne kisimani. Nitamwambia nini?"

"Mwambie Advera anasoma," Wenceslaus alisema, na Tekla akampisha mlangoni kwa sababu lilikuwa kweli.

Ilikuwa miti kumi na tisa. Miti ya Limbu na Eustadia ilikuwa mitundu, ikabanduka kirahisi. Miti ya Mhoja mingi ilikuwa mininga, na mninga ukiukata unatoa utomvu mwekundu. Kufika mti wa nne mikono ya Wenceslaus ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Aliifuta kwenye majani, haikutoka. Juu ya kichwa chake nyuki wa Mhoja walikuwa wanaingia na kutoka kama kawaida, nao hawakumfanya kitu, na hilo lilimtia hofu kuliko kama wangemuuma.

Kesho yake Adinani alipita haraka, hata sahihi hakuziulizia. Kwenye mninga mkubwa alisimama, akagusa kidonda cha mti, kidole kikarudi chekundu. Alikitazama kwa muda, akakifuta kwa karatasi laini.

"Kaya moja," aliandika. "Hati wiki sita. Hongera mzee."

Hakumtazama usoni.

*

Asubuhi iliyofuata reli ililia. Nje ya kigango pameninginizwa kipande cha reli ya zamani, ndiyo kengele ya Itundwe. Kwa ibada inagongwa polepole, kwa hatari inagongwa mfululizo. Kwa msiba inagongwa mara moja, watu wanangoja mpaka mlio uishe, kisha inagongwa tena. Safari hii ililia hivyo.

"Nani tena?" Tekla alijifunga khanga ya pili kiunoni, akatoka nje akiwa tayari kulia.

Watu walikuwa wanakuja kwake. Mbele yao alikuwa Mhoja, mkeka kwapani. Aliutandika katikati ya uwanja, akaketi, akavua kofia. Mwanne akaketi nyuma yake na wanae.

"Shemeji, nani amefariki?" Tekla aliuliza.

"Mimi," Mhoja alisema. "Nimeona tangazo kwenye miti."

Hakuna aliyecheka. Hata watoto hawakucheka. Limbu alikaa. Eustadia alikaa, naye alilia machozi ya kweli, kwa kuwa mumewe sasa alikuwa amekufa mara ya pili. Wenceslaus alitoka akasimama mlangoni. Alitaka kusema jambo kuhusu fomu, kuhusu ushoroba, kuhusu kijana wa Gongoni, lakini mbele ya msiba maneno hayo yote yalionekana ya kipuuzi.

Tekla aliwasha moto akapika uji, kwa sababu watu wa msiba hawaachwi na njaa. Aliona aibu, akagawa vikombe akitazama chini. Walikunywa, wakakaa mpaka jua lilipofika utosini, kisha wakapanga mstari, mmoja mmoja akampa Wenceslaus mkono. "Pole sana," walimwambia. Mhoja alikuwa wa mwisho. "Pole, Baba Advera. Umeondokewa na jirani."

Ndani ya siku tatu mizinga yote ya wale watatu ilishushwa kwa kamba na kubebwa kwa baiskeli. Baada ya hapo watu wa Itundwe walimsalimia Wenceslaus vizuri tu, kama anavyosalimiwa mgeni.

*

Agosti ikaingia na upepo wake. Kila mchana moshi ulionekana ng'ambo ya njia ya treni, mtu akisafisha shamba. Tekla akawa na tabia ya kuacha kazi na kuutazama. Mwanzoni ulikuwa ng'ambo. Wiki ya pili ulikuwa upande huu. Nyuki waliobaki, wa Wenceslaus mwenyewe, walihama kwa siku moja, mizinga sita yote, bila sababu iliyoonekana. Usiku tembo walipita ukingoni, wakaacha nyayo kubwa kama beseni, zote zikielekea mbali na msitu.

"Tufyeke njia ya moto," Tekla alisema.

"Hati haijatoka."

"Majani yananifika kifuani!"

"Nikifyeka nitakuwa nimemzika Mhoja bure," Wenceslaus alisema. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema neno hilo kwa kinywa chake.

Moto ulikuja siku ya Alhamisi, saa nane mchana, na upepo ukiusukuma. Walisikia sauti yake kabla hawajauona. Wenceslaus na Tekla walikimbia na matawi mabichi, wakapiga, wakapiga tena, na moto ukawa unapita pembeni yao kama hauwaoni. Wenceslaus akatupa tawi akakimbilia kigangoni. Aligonga reli mfululizo mpaka chuma kikamtoka mkononi.

Watu walikuja wote, na hili lazima lisemwe. Walikuja na mapanga, majembe na matawi. Lakini walipofika kwenye njia ya moto walisimama kwenye ukingo wa majani, hakuna aliyevuka.

"Mhoja!" Wenceslaus alikuwa anakohoa moshi. "Nakuomba!"

"Marehemu hazimi moto," Mhoja alisema. Macho yake yalikuwa kwenye miti, na yalikuwa na uchungu. "Kama niko hai, niandike."

Wenceslaus alielewa. Alielewa pia kwamba hati ilikuwa njiani, wiki moja tu, na kwamba alama ikirudi, hati haipo. Alisimama na panga lake, moto ukiwa umefika kichuguu kikubwa, akawa anahesabu: Advera, ng'ombe, baba yake aliyeitwa mvivu.

Tekla hakuhesabu. Alimnyang'anya panga, akauendea mtundu wa kwanza, akaanza kukata duara la marehemu mume wa Eustadia. Mkono wake haukuzoea, duara likatoka kombo. Wenceslaus alimtazama mkewe, kisha akachukua shoka kwa Limbu, akaukabili mninga mkubwa, akachonga kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu. Utomvu ukamwagika.

Mhoja alitema mate kwenye viganja vyake. "Haya jamani, mmeona. Mwanne, wanawake wapite kushoto! Fyekeni kuanzia hapa, tuwashe wa kwetu tuupeleke ukakutane nao!"

Walipambana mpaka jua likazama. Moto ulikufa kwenye kichuguu kikubwa. Robo ya msitu ilikuwa majivu, robo tatu zilisimama. Watu walikaa chini pale pale wakanywa maji kwenye ndoo moja, na Mwanne akamsogezea Tekla kata ya kwanza.

*

Wiki iliyofuata Adinani alifika na bahasha ya kaki. Watu walikuwa msituni wanafyeka njia ya moto, na mizinga miwili ya Mhoja ilikuwa imesharudi juu. Kijana alitembea kwenye majivu kwa uangalifu mpaka kwenye mninga mkubwa. Hapo aliona mguu wa kanga, utomvu umekauka vidoleni.

"Mzee wangu," alisema polepole. "Hati ninayo hapa. Imeshapigwa muhuri." Aligeuka kuhakikisha watu wako mbali. "Hii si ni alama ya zamani? Ya mtu aliyekwisha kufa? Niambie hivyo tu, mimi nikukabidhi bahasha niende zangu."

Tekla aliacha kufyeka. Mhoja naye alikuwa amesimama, jembe mkononi, hatua ishirini kutoka pale. Wenceslaus aliitazama ile bahasha. Alitamani kuishika, walau mara moja, aone jina lake lilivyoandikwa.

"Ni ya Mhoja," alisema. "Yuko hai. Yule pale."

Adinani aliutazama mti tena. Kisha akairudisha bahasha kwenye begi, akatoa faili akaandika kaya nne, akatoa na mkebe, akaonekana, kwa mara ya kwanza, kama kijana aliyechoka.

"Basi nishikie mkebe, mzee."

Wenceslaus akaushika. Kule nyumbani ng'ombe walikuwa wameanza kulia zizini, maana ilikuwa saa yao ya kuletwa ngitilini.